Bi Futi na Mkanda wa Injini

Mtaani walimwita Bi Futi kwa sababu ya ile futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni, sokoni, msibani, hata siku alipokwenda kupigwa picha ya kitambulisho. Mpiga picha alimwomba aivue. Akaivua, na mpaka leo kitambulisho kile kinaonyesha mwanamke wa makamo aliyejishika shingo kama mtu aliyeporwa mkufu.

Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Alikuwa na chumba cha duka mbele ya nyumba, cherehani tatu, na wateja waliojua kwamba kwake nguo hailali. Ukipeleka kitambaa Jumatatu, Jumatano unaitwa. Ukichelewa kuja, anakuletea mwenyewe mpaka mlangoni, maana nguo iliyokwisha na kubaki rafuni ikimtazama ilimnyima raha. Goti lake la kulia lilikanyaga cherehani mchana kutwa, na wakati wa chakula liliendelea kukanyaga chini ya meza, hata mumewe akawa na mazoea ya kushikilia gilasi yake ya maji kwa mkono mmoja. Mumewe alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu wa kusoma sentensi mpaka nukta yake. Watu walishangaa jinsi walivyodumu miaka thelathini. "Mmoja petroli, mmoja breki," alikuwa akisema Mwalimu. "Gari linakwenda."

Gari lenyewe walilokuwa nalo lilikuwa dogo, la umri wa kupiga kura, walilonunua kwa muuguzi mmoja aliyekuwa akihama. Lilibeba marobota ya vitambaa na sare zilizokwisha, likampeleka Mwalimu kazini siku za mvua, na halikuwahi kuwalaza njiani. Bi Futi hakuwa na neno nalo, mpaka siku ile gari la mdogo wake lilipokufa.

Mdogo wake wa kiume aliuza vyombo vya plastiki, na alikuwa akipanda mlima na shehena ya ndoo na mabeseni pale injini ilipozimika ghafla, kama taa iliyokatiwa umeme. Hakuna mlio wa onyo, hakuna moshi. Gari lilipovutwa hadi gereji na kufunguliwa, kumbe mkanda wa taimingi umekatika. Mkanda huo ni wa mpira, una meno, na kazi yake ni kufungamanisha juu ya injini na chini ya injini, ili pistoni zinapopanda, vali ziwe zimeshajifunga na kuzipisha. Ukikatika, kila moja inakwenda kivyake, na zinakutana njiani. Vali zilikuwa zimepinda kama misumari iliyogongwa na mlevi. Injini ile haikuwa na maisha tena.

"Mkanda ulibadilishwa lini mara ya mwisho?" fundi alimuuliza mdogo wake.

Mdogo wake hakujua. Bi Futi, aliyekuwa amesimama pale na mikono kiunoni, akagundua kwamba na yeye hajui wa kwake.

Alimpigia yule muuguzi jioni ile ile. Muuguzi alifurahi kumsikia, akauliza hali ya watoto, hali ya mwalimu, hali ya gari. Kuhusu mkanda akasema, "Ulibadilishwa, nadhani. Kabla sijawauzia."

Ingekuwa mtu mwingine, jibu lile lingemtosha. Bi Futi alilibeba neno "nadhani" kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Akiwa anashona, nadhani. Akiwa kwenye mataa barabarani, nadhani. Akiwasha gari asubuhi alihisi kana kwamba anakanyaga ubao asioujua uimara wake. Akaanza kuendesha taratibu, jambo ambalo halikumsaidia mkanda chochote bali lilimkasirisha kila aliyekuwa nyuma yake.

Na lilikuwapo jambo lililomzidishia. Binti yao, kifungua mimba wao, aliishi mji mwingine na mumewe, mwendo wa saa saba kwa gari, njia yenye milima mitatu. Alikuwa na ujauzito wa miezi minane. Bi Futi alikuwa ameshashona nepi, vishuka na kanzu ndogo za kutosha kuvalisha chekechea nzima, na alikuwa amepanga kwenda na gari, limejaa, wiki moja kabla ya siku yenyewe.

Basi akaenda kwa Fundi Kesho.

Fundi Kesho alikuwa fundi magari wa kuaminika kuliko wote eneo lile, na lile jina alipewa na wateja wake wenyewe. Hakuwa mwongo. Alikuwa na desturi moja tu: gari akilifungua, hagusi lingine mpaka hilo liishe. Kwa hiyo kila aliyefika aliyakuta magari mengine yakisubiri, na kila aliyeuliza aliambiwa kesho. Bi Futi alimkuta amelala chini ya lori dogo, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, dada. Sema, nasikia." Sauti ilitoka chini.

Bi Futi akaeleza. Spana ikalia kwenye sakafu, kisha fundi akajivuta nje, akajifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yake.

"Mbele yako wapo watano. Njoo wiki ya pili ya mwezi ujao."

"Mwezi ujao binti yangu atakuwa ameshajifungua! Nataka kwenda kwake."

"Basi nenda na basi."

Bi Futi hakucheka. "Kazi yenyewe ni ngumu?"

Fundi alimtazama kidogo. Alikuwa mtu mzima mwenye macho ya usingizi, na hakupenda kujibu swali upesi. "Ngumu, hapana. Ni kazi ya kutosahau. Watu wengi wanaweza kufungua, na karibu wote wanaweza kufunga. Ila mkanda ukikaa jino moja mbele au jino moja nyuma, umekosea, na injini haikuambii umekosea mpaka uwashe. Umenielewa?"

Alimwelewa kupita fundi alivyodhani. Cherehani nayo ina majira yake. Sindano inaposhuka na kuanza kupanda, ndoano ya chini inapaswa kupita hapo hapo kuudaka uzi. Ikiwahi au ikichelewa unywele mmoja, uzi unarukwa, au sindano inagonga chuma na kuvunjika usoni mwako. Cherehani zake alizirekebisha mwenyewe tangu ujana. Akarudi nyumbani akitembea haraka, na kabla hajafika getini alikuwa ameshakata shauri.

"Nitaufunga mwenyewe," alimwambia Mwalimu, aliyekuwa akisahihisha daftari mezani.

Mwalimu akaweka kalamu nyekundu chini. "Mama, haraka haraka..."

"Usimalize."

Mwalimu hakumaliza. Akauliza tu kama kuna kitabu. Kilikuwapo: muuza spea alimpa Bi Futi nakala ya kitabu cha injini ile, kurasa zilizofifia zenye michoro, pamoja na mkanda mpya, roli mbili ambazo mkanda unapita juu yake, na pampu ya maji. "Badilisha vyote," alisema, "maana ukishafika kule ndani hutataka kurudi." Kwa siku nne Bi Futi alisoma michoro ile akila, akatazama video za mafundi kwenye simu akishona, na mara mbili alishona mfuko wa shati ndani nje.

Walianza Jumamosi asubuhi, uani, chini ya kivuli cha ukuta. Gari juu ya jeki na mawe, tairi la mbele kulia limetolewa, kipande cha gogo chini ya injini kuishikilia, kwa sababu mguu mmoja unaobeba injini ulikuwa umeziba njia na lazima ufunguliwe. Bi Futi alifungua, Mwalimu akapokea. Bolti ziliingia kwenye makopo ya vifungo yaliyotolewa dukani, na juu ya kila kopo Mwalimu aliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Kifuniko cha juu, tano." "Puli ya jenereta, mbili, moja ndefu." Alifurahi kuliko alivyokiri.

Kisha wakafika kwenye bolti kubwa ya puli ya chini, lile gurudumu linaloendesha mikanda, nayo ikagoma. Bi Futi aliikalia kwa spana, ikagoma. Akamwomba Mwalimu asukume naye, ikagoma. Akaenda kwa jirani mchomelea vyuma, akarudi na bomba refu la kuongezea mkono wa spana, akalipachika na kulisimamia kwa mguu. Spana ikateleza, akaanguka upande, vifundo vya vidole vikachunika kwenye chuma.

"Tumwite fundi," alisema Mwalimu.

"Atasema kesho."

"Basi tungoje kesho."

Bi Futi akafunga vidole vyake kwa kipande cha bitana, akapachika bomba upya, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili akishikilia boneti. Bolti ikaachia kwa mlio mkavu uliomfanya Mwalimu adhani umevunjika mguu wa mkewe. Bi Futi alishuka akicheka, machozi yakimtoka, akaanza kufungua kifuniko kabla hajavuta pumzi.

Walipokiondoa, wote wawili wakainama kutazama.

Mkanda ulikuwa umepasuka katikati ya meno, mistari midogo midogo kama ya kisigino kikavu. Ukingo wake mmoja ulikuwa umechambuka nyuzi, kama upindo ambao haukupindwa. Bi Futi aliushika kwa vidole viwili. Kitambaa kilichofika hapo alikijua, ukikivuta, kinakufuata. Kumbe ndiyo "nadhani" yenyewe hiyo. Na juma lililopita alikuwa amempakia Mwalimu na walimu wenzake watatu kuteremka nao kwenye mteremko wa reli, wakiimba.

"Ungekatika," alisema Mwalimu polepole.

"Ungekatika."

Akainuka, akazunguka gari, akarudi. Akaenda kunywa maji, akarudi bila kunywa. Kisha wakafanya kama kitabu kilivyoagiza: injini ikazungushwa kwa mkono mpaka alama ya puli ya juu ikatazamana na alama ya mwili wa injini, na ya chini vivyo hivyo. Chaki ya kushonea haikushika kwenye mafuta, kwa hiyo Mwalimu akaleta ule wino mweupe wa kufutia makosa, wakachora mistari juu na chini. Roli inayokaza mkanda ikalegezwa. Mkanda ukatoka. Jua lilikuwa limekwenda, wakafunika.

Jumapili walitoa pampu ya maji ya zamani na kufunga mpya. Saa sita mchana, Bi Futi akiwa amelala ubavu chini ya ukingo wa gari, simu ikalia. Mwalimu akaipokea, akasikiliza, uso wake ukabadilika.

"Ni mkwe. Wamempeleka hospitali. Anasema chupa imepasuka."

"Bado wiki tatu!"

"Ndivyo anavyosema."

Bi Futi aliinuka kwa nguvu hata akagonga kichwa kwenye chuma. Alitazama gari. Lilikuwa limekaa pale bila tairi, bila mguu, bila mkanda, moyo wake uko kwenye makopo kumi na moja ya vifungo. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, alijiona mjinga. Kama angeliacha lilivyokuwa, leo lingewashwa. Au lingekatika mkanda mlima wa kwanza. Hakuna aliyeweza kumwambia lipi kati ya hayo.

Mwalimu alikuwa na mitihani ya kusimamia mpaka Jumatano. Bi Futi alinawa kwa sabuni ya unga mara tatu, weusi ukabaki. Akiwa anapanga mfuko, alimpigia simu Fundi Kesho, na siku ile Fundi Kesho alikuja papo hapo, na shati lake la Jumapili.

"Fundi, nisaidie. Limalizie. Chochote utakachosema nitalipa. Mtoto wangu yuko hospitali."

Fundi aliinama, akatazama ndani kwa muda mrefu, bila kugusa. Akatazama makopo. "Nenda, dada," alisema. "Nenda kwa mtoto. Gari halitakwenda popote."

Akaenda na basi. Alipewa kiti cha dirishani, na kwa saa nane aliitazama barabara ikiwa polepole kuliko fikra zake. Mama aliyekaa pembeni yake alivumilia lile goti mpaka mlima wa pili, kisha akauliza kwa upole kama ana haraka ya kufika.

"Nina haraka ya kufika na haraka ya kurudi," alisema Bi Futi.

Aliposhuka na kufika hospitali, mjukuu alikuwa ameshazaliwa kwa upasuaji: msichana, kilo mbili na robo, mzima, lakini amewekwa kwenye chumba cha joto. Kumwona kupitia kioo, sawa. Kumshika, mpaka kesho. Na kesho ilipofika, muuguzi wa zamu alimsimamisha mlangoni.

"Mama, mikono."

Bi Futi akaionyesha.

"Wewe ni fundi wa nini?"

"Wa nguo."

"Hizo si kucha za nguo." Muuguzi akampa brashi na dawa, akamwonyesha sinki. Bi Futi alisugua, akaonyesha, akarudishwa. Akasugua, akarudishwa. Mara ya tatu muuguzi alimkatia kucha mwenyewe, fupi kabisa, kama za mtoto wa shule, ndipo akamruhusu. Mjukuu alikuwa mwepesi kuliko robota la kola. Alifungua jicho moja, akalifunga. Bi Futi alisimama naye pale bila kutikisa hata unyayo, mpaka muuguzi akamwambia kiti kipo.

Jioni ya siku hiyo alimpigia mumewe. "Fundi amekuja?"

"Alirudi jana jioni. Akaangalia, akafunika gari kwa turubai, akaenda."

"Akafunika? Basi?"

"Na akaniambia mtu yeyote asiguse. Mjukuu anafanana na nani?"

Bi Futi alikata simu akichemka kwa hasira. Siku zilizofuata alipika uji, akafua, akaogesha mtoto aliporuhusiwa kutoka, akapokea wageni; hakuna aliyeweza kusema alipungukiwa na kitu. Lakini binti yake alimjua. Alikuwa amelala chali, mkono juu ya tumbo lililoshonwa, akimtazama mama yake anavyokunja kishuka kile kile mara ya nne.

"Mama, unawaza nini?"

"Namuwaza mtoto."

"Mama."

"Bolti," alisema Bi Futi. "Kuna moja ndefu kuliko wenzake. Sikumbuki kama iko kopo la tatu au la nne."

Binti yake alianza kucheka, akajishika tumbo. "Usinichekeshe, nyuzi zitakatika!"

"Nani alikushona?"

"Daktari, mama. Nani tena?"

"Hebu nione." Na kweli aliinua kitambaa, akainama, akakagua mshono kwa jicho la kazi. "Kajitahidi," alisema. "Nafasi ziko sawa." Binti alilia kwa kucheka.

Alirudi nyumbani siku ya kumi na mbili. Mfuko aliuacha sebuleni, akaenda moja kwa moja gereji. Safari hii hakusalimu.

"Nilikuomba umalizie. Ukafunika na turubai!"

Fundi Kesho aliweka spana chini. "Dada, kaa."

"Sikai."

"Haya simama. Mteja akikuletea gauni lililokatwa nusu na fundi mwingine, na fundi mwenyewe hayupo, utalishona?"

Bi Futi akaishika futi yake. Alikuwa amewafukuza wateja wa namna hiyo, wengi tu. "Sijui alipimaje," alisema mwishowe.

"Basi na mimi sijui ulilegeza nini. Ningelimaliza, ingebidi nianze kulifungua lote upya, na hapa wapo watano. Wewe ndiye unayejua ulichokifanya. Lifunge. Ukimaliza, usiwashe. Niite nije nikague. Ukiwasha kabla sijaja, usinitafute."

Jumamosi iliyofuata wakalifunua. Puli ya juu ilikuwa imejisogeza kidogo kutoka kwenye alama, maana springi za vali hazipendi kukaa zilipoachwa. Bi Futi aliirudisha kwa spana, pole pole, kama anayemrudisha mtoto aliyelala kitandani kwake. Akafunga roli mpya, akavalisha mkanda, akaukaza. Kisha akazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, kama kitabu kinavyotaka, huku Mwalimu akihesabu kwa sauti.

Mistari myeupe haikukutana. Jino moja.

Mwalimu alichuchumaa, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Labda ni macho yangu."

"Si macho yako."

Bi Futi alikumbuka gereji ile. Aliona vali zilizopinda mkononi mwa fundi wa mdogo wake. Kisha akalegeza roli, akautoa mkanda, akaanza upya. Mara ya pili aliuvuta upande usio na roli mpaka ukakaa bila ulegevu hata kidogo, ndipo akauvalisha juu. Mizunguko miwili. Mistari ikatazamana. Akazungusha miwili tena, kwa sababu hakuamini. Ikatazamana. Wakarudisha vifuniko isipokuwa kimoja, mguu wa injini, puli, mikanda ya nje, maji. Bolti ndefu ilikuwa kopo la nne.

Akampigia Fundi Kesho. Fundi Kesho akasema, "Kesho."

Siku ile ndefu Bi Futi hakushona hata tundu la kifungo. Alizunguka gari. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akatoka. Alifikiria kuliwasha kidogo tu, sekunde moja, nani atajua. Alipotafuta ufunguo hakuuona, na Mwalimu alipoulizwa alisema uko mfukoni mwake na utakaa humo humo, na kwamba usiku huo atalala na suruali.

Fundi alifika saa nne asubuhi. Akachuchumaa, akazungusha injini kwa mkono mwenyewe, akapinda mkanda kati ya kidole na gumba, akaguna. Akazipitia bolti moja moja kwa spana yake. Zote zilikuwa zimekaza. Akafika kwenye mguu wa injini, spana ikazunguka bure.

"Na hii je?"

Bi Futi alisogea. Bolti mbili zinazoubeba mguu zilikuwa zimeingizwa kwa vidole tu. Alikumbuka kwamba alikuwa ameziacha ili azikaze mwishoni, na kisha furaha ya mistari kutazamana ikamchukua. Barabarani, injini ingeanza kucheza mahali pake, na siku moja ingekaa chini.

Hakujitetea. Fundi naye hakumhubiria. Alimpa spana, akasimama pembeni, akangoja azikaze mpaka mwisho. "Sasa washa."

Mwalimu akatoa ufunguo. Injini ililia mara mbili, ikashika, ikatulia kwenye mlio wake mwembamba. Walisimama wote watatu wakiitazama kwa robo saa. Kisha fundi akataja malipo ya macho yake, saa moja ya kazi, na Bi Futi, aliyekuwa mtu wa kubishana hata bei ya pini, alilipa bila neno.

Wiki iliyofuata wakaenda kwa binti yao na gari. Bi Futi alisimama mara mbili kufungua boneti, na mara ya tatu Mwalimu akamwambia kwamba wakisimama tena yeye atatembea kwa miguu. Walifika salama kabla ya jua kuzama. Mkwe wao alipokea mizigo, akasikiliza kisa chote, macho yakamng'aa.

"Kumbe inawezekana! Langu nalo limefikia muda wake. Nitalifungua Jumamosi."

"Hulifungui," alisema Bi Futi. "Mpelekee fundi. Ukae na mtoto."

"Lakini wewe, mama..."

"Mimi nilikaribia kuangusha injini barabarani. Mpelekee fundi."

Kesho yake mkwe alimtii, akalipeleka gereji ya jirani. Bi Futi akasema ataambatana naye mara moja tu, kusalimu. Mkwe alirudi nyumbani kula; Bi Futi akabaki. Alisimama nyuma ya fundi asiyemjua, akainama alipoinama, akasogea aliposogea, mpaka yule fundi akageuka.

"Mama, gari hili ni lako?"

"La mkwe wangu."

"Basi kuna kiti pale, kaa. Kazi itachukua saa nne."

"Najua inachukua saa ngapi. Bolti za mguu wa injini unazikaza sasa au mwishoni?"

Fundi alimtazama, akatazama kucha zake fupi, akampa tochi amulikie. Kazi iliisha saa kumi jioni. Bi Futi akarudi nyumbani, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwogesha mjukuu.